Kipindi cha Tano

Kengele ya shule yetu Igalamila ilikuwa kipande cha reli
kilicholetwa toka Tabora kwa baiskeli, kimefungwa mpira,
na mgongaji alikuwa Mwalimu Lusangija:
suruali moja, pasi ya mkaa, chaki mfuko wa kushoto.

Hesabu alifundisha kwa asali.
"Mizinga minane, mitatu nyuki wamehama…"
Nasi watoto wa warina asali tukamjibu:
inategemea moshi, Mwalimu.
Alicheka. Kwenye R hakucheka.
"Si dalaja. Daraja. Ulimi utetemeke!"
Tulirudia mpaka mate yakakauka.

Masika yale mto Kalumwa ulimchukua Nkamba wa darasa la nne.
Mwalimu hakulifuta jina kwenye rejista.
Mwaka uliofuata aliomba kura.

Je, Serikali ina mpango gani wa kujenga daraja Kalumwa?
Kipindi cha kwanza: upembuzi yakinifu.
Cha pili: upembuzi unaendelea.
Cha tatu: fedha zitakapopatikana.
Cha nne alisimama na swali la nyongeza,
sisi dukani kwa Mrisho tumeizunguka redio,
hasira ikautangulia ulimi:
"Mheshimiwa Spika, tunataka DALAJA!"

Bunge zima likaangua kicheko.
Mrisho akapunguza sauti, taratibu,
kama anayemfunika mgonjwa shuka.

Sitasema alikuwa malaika.
Gari lilikuja na vioo vyeusi;
bani la tumbaku la shemeji yake
liliezekwa bati kabla ya zahanati.
Tulimnunia. Kipindi cha tano tulimpa kwa kura mia na kumi,
cha sita tukamnyima.
Akarudi kwa basi, sanduku la Hansadi begani,
hakutaka kupokelewa mzigo.

Daraja lilikuja wakati wa mwenzake.
Utepe, maji ya chupa, hotuba tatu,
na jina lake halikutajwa hata kwa bahati mbaya.
Watu walipotawanyika alilisogelea jiwe la ufunguzi.
Fundi, kijana wa hapahapa, alikuwa amechonga:
DALAJA LA KALUMWA.

Nikauona mkono ukizama mfuko wa kushoto
ukitoka na chaki. Miaka yote ile, chaki!
Akaipapasa ile L kwa kidole gumba.
Akairudisha chaki mfukoni.

"Iache," akaniambia. "Ndivyo nilivyoliomba."

Akavuka. Akarudi.
Akavuka tena.