Hesabu Hadi Saba

Jumamosi, Kituo cha Walimu, Wete.
Nimekuja kwa ajili ya chai na nauli, sisemi uongo,
kutoka Konde, na kiatu kilichoachama,
mkobani andalio la somo
nililonakili neno kwa neno kutoka la mwaka juzi.

Bi Raya Masoud hakutusalimu kwa Kiingereza
wala kwa Kiswahili.
Alishika kikombe, akasema kitu.
Akarudia. Akaninyooshea kidole.
Baadaye tuliambiwa ni Kigogo, lugha ya kuukeni kwao.
Wakati ule kilikuwa ukuta tu.

Mie, miaka kumi na tisa na chaki,
mie niwaitaye watoto wa watu mabubu,
nilitazama vidole vya miguu yangu.
Shaame wa Micheweni akaninong'oneza jibu,
nalo likawa kosa.
Bi Raya hakucheka. Akangoja.
Akangoja hata feni ikasikika,
hata muuza samaki nje akataja bei mara mbili.
Nikajiona dawati la tatu, ubavuni mwa dirisha lisilo kioo:
nimekuwa Asaa.

Asaa Khatib Ngwali.
Tangu Mfungo Tatu hajanitamkia neno la Kiingereza.
Nikimuuliza, humpa muda wa kupepesa jicho,
kisha hujibu mwenyewe, kwa sauti,
na darasa zima huitikia, "Yesi, ticha."
Mkaguzi aliandika: Darasa changamfu.

Mchana, wali kwa mchuzi wa pweza, tukabishana.
Nikasema, nina watoto themanini na mmoja,
nikimngoja kila mtu kengele si italia?
Shaame akasema, na mtihani je, nao utangoja?
Bi Raya alinyamaza, akapangusa mkono.
"Hilo sina jibu lake," akasema.
Nikampenda kwa hilo kuliko makaratasi aliyotugawia,
yaliyofifia wino hata picha ya ng'ombe ikawa wingu.

Nyuma ya wingu hilo niliandika:
Uliza. Hesabu hadi saba, kimoyomoyo.
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
wakitaka kunong'onezana kwanza kwa Kipemba, waache,
ndiyo ngazi waliyo nayo.

Jumatatu. Karafuu zimeanikwa hadi ukingoni mwa lami,
nusu ya darasa vidole vimesawijika
kwa kuchambua makonyo usiku kucha.
Sikufungua kitabu. Nilimwaga mezani
kibaba cha karafuu nilichoazima kwa shemeji,
nikauliza kwa Kiingereza: Asaa, jana ulifanya nini?

Moja.
Mbili. Mwanakombo kanyanyua mkono, namzuia kwa jicho.
Tatu. Jogoo wa mwalimu mkuu.
Nne, ulimi unaniwasha,
jibu limekwishafika mlangoni mwa meno.
Tano. Mtu kacheka nyuma, kanyamaza mwenyewe.
Sita.
Sita ni ndefu. Sita sijapata kuifika tangu niajiriwe.

"Ai," akasema Asaa.
"Ai klaimu."
Akapapasa hewani kama atafutaye tawi.
"Ai klaimu ze karafuu. Mai brazza, foli."

Vitenzi havina wakati.
Neno moja si la Kiingereza hata chembe.
Kalamu nyekundu ilikuwa sikioni mwangu, ikabaki sikioni.
Nikauliza, polepole, kwa Kiingereza hichohicho,
si kwa kuwa andalio limesema, bali nilitaka kujua:
Kaanguka? Kaumia wapi?

Safari hii sikufika hata mbili.
"Hia," akasema, akashika kiwiko chake,
na dawati zima likageuka kukitazama kile kiwiko
kana kwamba ndicho kilichovunjika.

Kisha kengele ikalia.
Watoto themanini walikuwa hawajaulizwa.