Jiwe la Chumvi

Gavino alilipigilia kwenye mwaloni,
jiwe la chumvi lenye shaba, sawa na ukingo wa kofia yake.
"Mbuzi atasimama kwa miguu miwili alirambe," alisema.
"Kondoo hata hatainua kichwa."
Kwa mbuzi shaba ni nguvu, ni ngozi inayong'aa;
kwa kondoo hujilimbikiza inini, kimya kimya,
hadi alfajiri moja umkute anakojoa rangi ya divai
na hakuna tena la kufanya.

Kondoo nilikuja nao mimi, arobaini, siku ya harusi.
Mbuzi walikuwa wake. Waliruka ukuta wa mawe
kabla ya padri kumaliza kubariki zizi.
Miaka thelathini na moja, kundi moja:
mbuzi kwenye miiba, kondoo kwenye majani ya chini;
wingu likitanda, mbuzi wanatangulia bandani,
kondoo wanafuata, wamelowa, kama wanaodaiwa.

Leo Efisio amerudi kutoka Torino.
"Mama, uza mbuzi. Jibini ya kondoo ndiyo yenye bei."
Sikumjibu. Nilikuwa namkamua Niedda,
na Niedda hapendi maneno.

Jioni nikamtuma akahesabu.
Wamelala wamechanganyika, pembe katikati ya sufu.
Kahesabu mara tatu, kapata idadi tatu.

Mimi nilikuwa mwaloni. Jiwe limerambwa likaisha,
umebaki msumari.
Nikachukua jipya, nikalipachika palepale,
nimesimama kwa ncha za vidole,
mkono mmoja kwenye gome,
kama mbuzi.