Kufuli la Desemba

Tarehe kumi na mbili, saa tisa alasiri,
Dufresne anaandika ubaoni kwa kalamu nyekundu:
HAKUNA TOLEO JIPYA MPAKA SABA JANUARI.
Anapiga mstari chini, mara mbili, kalamu inalia.
Nje, Winnipeg ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
na programu yetu ndiyo inayowasha matanuri
ya nyumba elfu arobaini.

Rodel ana marekebisho ya mstari mmoja.
"Mmoja tu," anasema,
kama mgeni aombaye maji, jicho liko jikoni.
Nami nakumbuka mkesha wa Krismasi, mwaka juzi,
na mstari mmoja kama huo:
bibi wa mtaa wa Selkirk, makoti matatu mwilini,
alinipigia simu bila hasira
akiuliza kama ni yeye aliyebonyeza vibaya.
Nilikuwa sakafuni, kompyuta mapajani,
pilau ikipoa.
Waliosema haraka haina baraka
hawakuwahi kuiona seva,
lakini sisi walituona.

Basi tunafunga. Tiketi zinapanga foleni.
Rodel ananuna, anamenya chungwa.

Halafu naiona tarehe.

Saba Januari ni Krismasi ya Oksana,
ya kwao, ya kalenda ya zamani.
Miaka sita sasa anakaa hapa siku hiyo
na toleo la kwanza la mwaka,
ngano ya asali kwenye kibakuli cha plastiki:
kijiko, anasoma kumbukumbu za seva,
kijiko.
Sikuwahi kuuliza.
Mimi, niliyeswali Idi na simu mfukoni,
ikitetemeka nyongani nikisujudu.

Kalenda ile haikukosea hesabu.
Iliandikwa tu na mtu
asiye na shangazi anayemngoja mezani siku hiyo.

Saa kumi na moja, Dufresne keshaondoka.
Naifuta saba kwa kidole gumba;
wino unabaki kwenye ukucha.
Naandika nane.
Oksana anapita, koti mkononi,
anasoma, anasimama kidogo
kama mtu aliyesahau funguo.

"Na Idi yako," anauliza, "mwaka huu lini?"
"Mpaka mwezi uandame."
Anautazama ubao, na kalamu yangu nyekundu.
"Basi hiyo," anasema,
"iandike kwa penseli."