Wimbo wa Kumi na Moja

Isabirye kinyozi ametoa albamu.
Karekodi saluni, kichwa ndani ya blanketi,
jenereta ya jirani ikimpigia mdundo.
Nyimbo kumi na moja za kufoka, zote kutukejeli
sisi, timu ya besiboli ya Lugazi.

Wa kwanza ni Okwera, mrushaji:
mkono bunduki, macho uji,
kalenga glavu, kaangusha mbuzi wa Mama Nakku.
Wa tatu, Wamala na gongo lake,
linalopunga upepo hadi mashabiki wakavaa sweta.
Na Ssebuliba, mwizi wa vituo,
kaiba vyote ila nyumbani:
nyumbani mke katia komeo.

Mji hauna mbavu.
Wakaanga chapati wanakariri.
Okwera alinuna siku mbili,
ya tatu akanunua nakala nne,
moja ya mama mkwe.

Mimi nimesikiliza yote, mara tisa,
nikijitafuta.
Miaka sita nasimama kule mwisho,
mgongo kwenye miwa ya kampuni,
nikingoja mpira.
Hata tusi halijanifikia.

Jana wimbo wa mwisho ulipokwisha
sikuzima.
Kimya. Jenereta. Mtu kakohoa.
Kisha Isabirye, bila vina, anauliza:
«Na yule wa kwenye miwa, anaitwaje vile?»
Mtu akajibu.
Lori la sukari likapiga honi.

Nairudisha hapo.
Nairudisha tena.
Chini ya ile honi, jamani,
nimo.