Pale Palipokuwa na Runinga

Ukutani, Kitangiri, imebaki alama:
mstatili mweupe kuliko ukuta wenyewe
na misumari miwili isiyo na kazi.
Runinga iliondoka mwezi wa nane
begani kwa kijana wa kausha damu,
mpole, anahema, "Mama, mimi natumwa tu."
Nilimpa maji. Aliyanywa bila kukaa.

Ile ilikuwa Krismasi ya mwaka jana
ikitoka mlangoni, imechelewa miezi minane:
gauni la Mbuke lenye mabawa ya wavu,
viatu vya Lugata vya kuwaka taa kisiginoni,
kreti tatu za soda, mbuzi,
na mashemeji waliosifu, wakafuta midomo, wakaondoka.
Kwenye misa ya mkesha rozari nilikuwa nayo mkononi,
nikahesabu marejesho.

Mwaka huu Desemba imekuja na mvua yake,
maji yanateremka baina ya majabali
kama watoto siku shule inapofungwa.
Makoroboi wameshaning'iniza nyota za plastiki.
Nachambua dagaa, Mbuke ananiuliza:
"Mama, sisi Krismasi yetu itakaa wapi?"
Nikautazama ule mstatili.
"Pale."

Tumejenga pango.
Mawe hatukununua; Mwanza nani hununua jiwe?
Masalu, baba yao, ambaye hasemi sana,
alipanda huko nyuma kwenye pimbi,
akashuka na majani makavu ndani ya kofia.
Maria ni gunzi la hindi, kajitanda kipande cha kitenge changu.
Yosefu ni mkaa, katuchafua vidole sote.
Mamajusi ni vizibo vitatu vya soda,
vya mwaka jana, Lugata alivificha chini ya godoro.
Ng'ombe wako saba, udongo wa Mirongo,
kwani bibi yao wa Magu alisema kwenye simu
zizi la ng'ombe mmoja ni aibu kwa Msukuma,
hata kama Mungu ndiye anazaliwa humo.

Usiku mjusi kafiri akashuka ukutani,
akasimama juu ya pango, akatikisa kichwa.
"Na huyu?" akauliza Lugata.
"Mwache," akasema baba yake. "Kasikia habari."

Mama Nyamizi alipita na vitumbua,
akaitazama miguu ya wanangu:
"Mwaka huu hamkuwanunulia?"
Nisijifanye mtakatifu. Iliniuma.
Nilizifua nguo zao za zamani kwa maji ya mvua,
nikazipiga pasi mara mbili.

Saa saba usiku tukarudi kutoka misani,
matope hadi magotini,
ziwa huko chini halionekani, linasikika.
Masalu akafungua kiganja.
Mtoto alikuwa karanga,
moja, ndani ya nusu ya ganda lake.
Akailaza juu ya majani,
akapiga goti, lile goti bovu la kiwanda cha samaki,
nasi tukapiga.
Mvua ndiyo ilisema, juu ya bati.
Sikuhesabu chochote.

Asubuhi hori lilikuwa tupu.
Mbuke analia, Lugata anaapa si yeye,
mjusi anashukiwa,
mamajusi wameanguka kifudifudi.
Ndipo nikamwona Sayi, kitindamimba,
mwaka mmoja na miezi mitano,
amekaa chini ya ile alama nyeupe
na ganda mkononi,
anatafuna taratibu, macho yake machoni pangu.

Masalu alicheka mpaka akashika ukuta.
"Wenzake wanasoma mafundisho miaka miwili," akasema,
"ndipo wakomunike. Huyu kawahi."

Nikampangusa mdomo kwa ncha ya khanga.
Mchana tulikula ugali,
sato mmoja kwa watu watano,
na mchuzi wa karanga,
karanga zilezile.