Fundi Ngwelu Anauliza Ramani

Amechora mraba mchangani kwa ncha ya koleo,
kiwanjani kwangu Ipuli, saa nne, jua limeshapanda.
"Mama Nyanzala, tunampangisha nani?"
Nilidhani angeuliza matofali.

Nikamwambia ngoja.

Kanyenye nilizaliwa chumba cha tatu kushoto.
Vyumba sita, ukumbi umepita kati hadi uani,
choo kimoja, zamu zake tukizijua kwa vikohozi.
Ilimfaa mama usiku alipojifungua pacha:
wa chumba cha pili alishika taa,
wa tano alichemsha maji,
wa sita, waliyenuniana tangu Mfungo Mosi, alikoroga uji.
Haikumfaa Mihayo wa chuo cha ualimu.
Alisomea barazani, shuka kichwani,
maana kila ukuta ulikuwa na kesi yake.

Kisha kota za reli, mke wa mshika bendera.
Milango minane, mgongo kwa mgongo;
nikikaanga kitunguu, mke wa dereva anapiga chafya.
Zilitufaa watu wa zamu. Treni ya Mpanda ikichelewa
hakuna aliyeuliza kwa nini taa yako inawaka.
Mume wangu alipopunguzwa kazini
tulipewa siku thelathini na karatasi ya kusaini.
Nyumba ya kazi humfaa mwenye kazi.
Basi.

Ghorofani nilikaa kwa mwanangu, orofa ya tatu.
Inamfaa kijana anayeuza asali kwa simu,
anayetaka ufunguo, hataki hodi.
Mzee Kapembwa wa mlango wa pili
hakushuka tangu masika hadi kiangazi;
mji aliujua kwa mabati yake, lipi jipya, lipi lina kutu.
Nami michembe yangu ningeianika wapi?
Kibaraza chenyewe upana wa kanga.

Na Isevya, fundi, usinikumbushe mita!
Kaya tano, Luku moja, friji moja ya mtu mmoja.
Umeme ukikatika kila mtu "mimi niliweka jana".
Urafiki wa miaka tisa ulizimika
kwa shilingi elfu mbili.

Sasa chora.
Milango minne itazame uani.
Kila mmoja choo chake, kila mmoja mita yake.
"Na bomba?"
Bomba moja. Nje, hapo katikati.
Akacheka. "Wapangaji wa siku hizi, mama? Watagombana."
Watagombana, nikasema,
lakini kwa majina.

Akafuta kwa kandambili, akachora upya,
akafika chumba cha karibu na geti.
Hapo nikamshika mkono: hapa ngazi usiweke,
kizingiti kilale na ardhi,
mlango upitishe kiti cha magurudumu.
"Na hiki tunampangisha nani?"

Niliinama kuokota kandambili yangu,
nikakawia kidogo kuinuka.
Andika tu, fundi:
kimeshachukuliwa.