Jua la Isyonje

Daktari aliuliza habari za choo:
damu, mara ngapi, tangu lini.
Nikajibu yote, macho sakafuni.
Kisha akauliza: "Na jua, mnalipata?"

Nikadhani ananitania.
Sisi wa Isyonje jua hutupitia tu,
kama mgeni wa jirani
aliyekosea mlango.

Akaandika. Akasema utumbo umevimba, una vidonda,
na kwamba wapo wanaochunguza
kama ukungu nao una mkono wake.
Hakika, bado hawana.
Nilimpenda kwa ile "bado".

Sasa Tusajigwe anameza vidonge vinne kwa siku
na sweta linazidi kumpwaya.

Leo, saa saba na robo, ukungu umepasuka.
Majirani mbio: magodoro, maharage, sare za shule.
Mimi nina mkeka mmoja, umejaa pareto,
na mnunuzi anakuja Alhamisi,
mbichi hachukui.

Nimeisogeza pareto kivulini.
Nimemlaza mwanangu chali, shati wazi.
"Mama, linachoma,"
anasema, huku anacheka.

Nahesabu dakika
kama mtu anayehesabu chenji mbele ya muuzaji.
Kumi na moja.
Kisha mlima Rungwe umevuta shuka lake.